Vile Tulienda Kuangalia Mukwe ku Rodeo

Rafiki yangu wa ku commune ya Berchem iko na mutoto mwanamuke moja tu, na ule mutoto alipata muchumba muzungu. Siyo muzungu wa hapa Bruxelles, wa kuvaa koti na kukimbilia metro. Muzungu wa mulima, kule France, mwenye kufuga ng'ombe na mbuzi na kutengeneza fromage ya maziwa. Mutoto alisomeaka kutibu nyama za kufuga, akapata kazi kule mu milima. Siku moja bakamuita kuzalisha ng'ombe usiku. Yeye alikuwa na mukono ndani ya ng'ombe mpaka ku bega, na mwenye ng'ombe alikuwa anamushikilia taa. Mapendo ikaanzia pale. Mimi nilisema, bon, huyu hatadanganywa na parfum, alishamuona binti mu hali yote.

Sasa bwana akasema anataka kuleta jamaa yake Bruxelles kujionyesha. Mama ya binti alitupasha hiyo habari siku ya Mungu ku kiwanja ya Flagey, soko ilipokwisha, tukiwa nakula frites, sisi batatu: yeye, miye, na rafiki yetu wa Lubumbashi.

Ule mama ya binti iko na sauti ya polepole, kila neno analiweka chini kama yayi. Akasema: "Mimi... sitapokea... jamaa ya muntu... sijue nyumba yake."

Ule wa Lubumbashi hana polepole. "Shi wende umuone! Pigia ye video!"

"Video? Mimi, mama mukwe? Nimuangalie mu macho?"

Na hapo ni haki yake. Ku kwao, kule nyuma ya Bukavu, mama mukwe na mukwe wake banaogopana. Mukwe akipita huku, mama anapita kule. Habakule ku meza moja, habaangaliane mu uso, kama iko na neno ya kumuambia, anamuambia mutoto, mutoto anapeleka. Na mwili ya mukwe, usiseme! Hata goti yake haifae mama aione. Benye kuendaka kumuangalia bwana, kumusikiliza, kunusa nyumba yake, ni bashangazi. Lakini bashangazi ba kweli beko Bukavu, na hakuna visa ya kuenda kuangalia bwana ya muntu.

Akatuangalia. Tukaangaliana. Vile njo tulipata cheo, frites mu mukono: kutoka leo, miye na ule wa Lubumbashi, tuko bashangazi.

"Mi njo chauffeur, nitaendesha!" ule wa Lubumbashi akasema mbele hata sijameza. "We utaikala nyuma na chakula."

Tukamupigia binti. Akafurahi sana. Akasema tuje samedi moja ya mwezi wa saba, kutakuwa rodeo mu village yao, bwana atakuwa pale, tutamuona ku kazi. Nikamuuliza rodeo ni nini. "Tantine, ni batu kupanda juu ya ng'ombe ya kali, na ng'ombe kubatupa." Nikasema, kwetu hiyo tunaiita ajali, na hakuna mwenye kuuza tiketi.

Ile asubui gari ikaja mbele ya nyumba yangu, ku commune ya Forest. Nafungua mulango ya nyuma niweke sahani zangu, nakuta muntu amekaa. Kofia kubwa ya majani, miwani nyeusi, kikwembe mbili za kitenge, ya chini na ya juu, zile nzuri za manjano. Nikasema: "Bonjour madame, umekosea taxi?"

"Funga mulango," mama ya binti akasema.

"We mama mukwe, unaenda wapi?"

"Nitakaa mbali. Hajanionaka hata siku moja, hatanijua."

"Lakini haifae! Njo juu ya nini ulitupa cheo?"

Akatosha miwani ku uso. Macho yake haikuwa ya kucheka. "Sikia. Mutoto aliniambia: maman, ukisema non, itakuwa non. Na atafanya vile, namujua, atalia na atatii. Sasa ile oui ama ile non nitaitosha wapi kama sijaona? Weye utaniletea habari na masauti yako, utajifanya bwana, utajifanya mama ya bwana, utajifanya mbwa ya bwana. Nitacheka, lakini sitajua kweli iko wapi."

Nikasukuma sahani, nikakaa.

Tukashika njia ya Luxembourg. Ile gari ni ya bwana ya ule wa Lubumbashi. Bwana alitumika ku kiwanda ya magari ile ya kwetu Forest mpaka bakaifunga, na tangu hapo, gari moja tu imebakia ya kuangalia, anaiangalia kama mugonjwa. Kila tukisimama, simu inalia. Anaongeaka na pua, kama muntu amefungiwa mu sanduku: "Embrayage inasema nini? Usiikanyage kama unakanyaga mende! Nisikilizishe moteur." Bibi yake anashika simu mbele ya moteur, sisi tunangojea ku parking kama batu beko ku misa, mpaka daktari aseme: "Bon. Muende. Polepole."

Halafu kulikuwa ule mwanamuke mwengine, wa mu GPS. Ule ana adabu, lakini hana roho. "Dans deux cents mètres, tournez à droite." Ni kusema, kata kuume. Na wa Lubumbashi kumujibu: "Apana, ma chère, mi nayua njia." "Faites demi-tour." Geuza, rudi. "We ulizaliwa wapi, unifundishe?" Tukazunguka rond-point moja mpaka nikaanza kusalimia maua yake. Mimi sikusomaka, vibao vya barabara kwangu ni mapambo tu, lakini hata miye niliona tumepita ile supermarché mara ya pili, na nikasema: "Bashangazi batafika arusi imekwisha."

Tulikula sambaza, bale samaki badogo ba kwetu, na mikate ya kukaanga ku kituo ya mafuta. Muzungu moja mwenye camion akapita, akanusa, akarudi, akanusa tena. Nikamupa sambaza tatu mu karatasi. Akakula na vichwa. Nikamuambia mama ya binti: "Unaona, kama mukwe amekushinda, huyu iko tayari."

Kisha milima ikaanza. Hapo chauffeur yetu akaacha kugombana na GPS. Lubumbashi ni tambarare, na ile njia ilikuwa inajipinda kama utumbo: huku ukuta ya majiwe, huku shimo, chini kabisa manyumba kama masanduku ya kiberiti. Alishika usukani na mikono mbili, pua karibu na kioo. "Mi siongope," akasema. Hakuna mwenye kumuuliza. "Mi siongope hata kidogo." Nyuma yetu magari ilipangana kama ya kwenda ku matanga.

Na ule mama ya binti, akafungua kioo. Upepo ukaingia na harufu ya majani yenye bametoka kukata, na mavi ya ng'ombe. Miye nikafunga pua. Yeye akavuta pumzi kama muntu anaonja supu.

"Kama kwetu," akasema. "Baridi tu njo inazidi kidogo."

Baba yake alikuwaka na ng'ombe mingi, mbele ya vita. Mama ya binti hakutaka kuyasema, hayasemake. Lakini kila kundi tulipita ku mulima, alihukumu: "Ile, matiti muzuri. Ile ya mweupe, muguu inamuuma, mwenyewe hajaona. Ile mwana yake amemaliza kunyonya, bamutoshe." Nikaona hata midomo yake imelegea. Nikajisemea, huyu mama anataka kusema oui. Anatafuta tu fasi ya kuiweka.

Picha kubwa ya ng'ombe yenye moshi mu pua njo ilituambia tumefika. Na makofia! Bafaransa ba mulima, bamama na bazee, bote bamevaa makofia ya cowboy, na bottes, vile viatu virefu, na kushika mukanda vile, miguu mbali mbali kama banatoka ku farasi, kumbe banatoka ku Peugeot. Ile kofia ya majani ya mama mukwe ikapotea mule ndani kama tone mu maji. Akaenda kukaa juu kabisa, ku mbao ya mwisho, kati ya bibi bawili bazungu. Sisi bashangazi tukakaa chini, karibu na vyuma vya kuzunguka uwanja.

Binti akakuja mbio, bottes za mpira ku miguu, akatukumbatia. "Batantine! Na maman, iko aje?"

"Iko juu," wa Lubumbashi akasema.

"Juu wapi?"

"Juu ku Berchem," mimi nikasema, na nikamukanyaga rafiki yangu ku kidole.

"Sikieni, ataingia sasa hivi. Musicheke, eh? Ama, mucheke. Lakini musicheke vibaya." Akakimbia ku mulango ya ng'ombe, juu njo yeye mwenye kuzichunga siku ile.

Muzungu ya kutangaza na micro akaanza, sauti ya kuvuta kama muntu anauza nyama ya jana: "Mesdaaaames et messieuuurs!" Muziki ikapigwa. Na mu uwanja akaingia clown, muntu ya kuchekesha batu. Uso mweupe kama umetumbukizwa mu unga ya foufou, midomo nyekundu mpaka ku masikio, suruali kubwa ya kushikiliwa na bretelles ku mabega, kiatu moja ya kijani, moja ya manjano. Akaanguka. Akasalimia mukia ya farasi. Akaomba bibi moja arusi, akakataliwa, akaanguka tena. Mimi nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka.

"Na huyu, mumujue," micro ikasema, "ni yule wa fromage, wa ferme ya juu kabisa!" Na kule ku mulango, binti akainua mukono, akamutupia busu.

Nikaacha kucheka, nikafunga kitambaa yangu.

"Ule?" wa Lubumbashi akasema. "Ule njo mukwe? Mi nilifikiri ni bwana ya farasi!"

Nikageuka kuangalia juu. Mama ya binti alikuwa ameinamisha kichwa, kofia yote imeangalia miguu yake. Hakuangalia tena. Kwa hiyo kile kilifuata, sisi bote tuliona, yeye hakuona.

Ng'ombe dume ikatoka, nyeusi, na kijana juu yake, mukono moja imefungwa ku kamba. Ikaruka, ikajipinda, kijana akaanguka, lakini mukono haikutoka mu kamba. Ng'ombe ikamuvuta kama nguo yenye kulowa maji. Na ule clown, kiatu kijani kiatu manjano, akakimbia, siyo kukimbia ng'ombe, kukimbilia ng'ombe! Akaipiga kofia ku pua. Ikamuangalia. Akaipiga tena. Kijana akachomoka, akatambaa. Clown akangojea, akangojea, mpaka kijana alipopita chini ya chuma. Ni pale tu akageuka na kukimbia, akapanda ukuta ya vyuma, na pembe ikamufuata nyuma. Kraaaa! Suruali yote ya nyuma ikabaki ku pembe.

Batu bakalipuka kucheka na kupiga makofi. Ile kelele njo ilimuinua mama mukwe kichwa. Na kile aliona, mbele yake kabisa, juu ya ukuta, ni matako ya mukwe wake mu caleçon, nguo ya ndani, ya bleu yenye picha ya mabata.

"Mama weeee!" Nilijua ile sauti kati ya sauti zote. Akafunika uso na mikono mbili, akashuka zile mbao bila kuona, akikanyaga bazungu ku vidole, pardon, pardon, mpaka inje.

Tulimukuta mu gari, amejifunika ku kichwa kitambaa ya kufunikia sahani.

"Turudi," akasema.

"Mama ya binti..."

"Nimeona. Mimi, mama mukwe, nimeona." Sauti ilikuwa ya kulia. "Na hata kama sikuona, ningekataa. Baliniambia anachunga ng'ombe. Nikafurahi. Kumbe ni muntu ya kujipaka unga juu batu bamucheke. Mutoto yangu alisoma miaka yote ile, abebe jina ya bibi ya clown? Ni non. Mumupelekee hiyo neno, si njo ninyi bashangazi."

"Yee, mais nani alikuita?" wa Lubumbashi akasema. "Si tulikwambia usikuye?"

"Nyamaza weye," nikamuambia. Halafu nikamuuliza mama ya binti: "Suruali ilipasuka juu ya nini?"

"Juu ni ya clown. Nguo ya clown inapasukaka."

"Tosha kile kitambaa. Uangalie."

Nikavua viatu. Miaka yangu ni mingi na magoti yangu yanalia kama milango, lakini niliweka vidole mbili ku kichwa, nikawa ng'ombe. Pale ku parking, kati ya magari. Nikapuliza na pua, nikachimba majiwe na muguu. "We, uwe kijana," nikamuambia wa Lubumbashi.

"Mi siko kijana ya mutu."

"Shika kikwembe yangu nyuma, uanguke!"

Akashika, akalalamika, akavutwa. Nikamuzungusha gari mara moja nzima, yeye akipiga kelele kweli, juu nilimukanyaga. Kisha nikawa clown: nikapiga pua ya ng'ombe. Nikawa ng'ombe: nikamuangalia clown. Nikawa tena clown, nikasimama. Nikasimama tu. Muzungu moja mwenye kuegesha gari alizima moteur akaangalia.

Mama ya binti alikuwa ametosha kitambaa.

"Alipiga wapi?" akauliza.

"Ku pua."

"Na ikamugeukia?"

"Ikamugeukia yote, na pembe."

"Akakimbia palepale."

"Hapana. Alingojea kijana atoke chini ya vyuma. Ndipo."

Halafu akasema, polepole, yayi na yayi: "Baba yangu alikuwaka na dume moja ya vile. Siku ilikasirika, baba alikimbia akaingia jikoni ya bamama. Na alikuwa chef ya kijiji." Akaangalia mikono yake. "Kusimama mbele ya dume... hapana. Kwetu habakusimamaka."

"Donc, ni oui?" nikasema.

"Donc, nimeona mwili yake. Siwezi kuonyesha uso yangu ku ile jamaa. Hiyo weye hutaiondoa na michezo."

"Beko nakuya!" wa Lubumbashi akasema.

Tukageuka: ni binti na bwana yake. Binti alijua sauti ya mama yake, na kikwembe ya manjano, hata kofia haikumudanganya. Akamuambia bwana mbio mbio: mama iko hapa, kwetu haifae umuangalie mu uso, haifae umusimamie mbele. Sasa ule bwana, muntu ya heshima, muntu ya kusikia neno mara moja, alifikiri: vizuri, sitamupa uso. Akageuka. Na akakuja kwetu kinyumanyuma.

Parking yote. Kati ya magari, hatua kwa hatua, mikono imefungwa kwa adabu mbele, kichwa kimeinama, na nyuma, suruali haikuwa. Mabata bote banatujia sisi, banakaribia, banakuwa bakubwa.

"Non, chéri, non! Geuka!" binti akapiga kelele.

Akageuka. Uso mweupe, midomo nyekundu, macho kwa macho na mama mukwe, ku kioo cha gari.

"Non! Si vile!"

Akageuka tena. Mabata.

Nikaona mabega ya mama ya binti yanatetemeka. Nikajua analia, nikataka kumushika. Alikuwa nacheka. Nilikuwa sijamusikiaka kucheka vile tangu tujuane, kicheko ya kukosa pumzi, ya kupiga mulango ya gari na mukono. Machozi ikatoka chini ya miwani. Akafungua kikwembe ya juu, ile ya manjano, nzuri, akageuza uso upande ya milima, na akaitoa ku kioo. "Mufunike, mwanangu," akamuambia binti. "Mufunike muntu ya batu, atapata baridi."

Binti akamufunga ile kikwembe ku kiuno, fundo mbili. Mimi nikapiga vigelegele mpaka ng'ombe kule ndani ikajibu.

"Umemuvalisha!" wa Lubumbashi akasema. "Non yako imekwisha, we mwenyewe umemuvalisha!"

"Haijakwisha." Mama ya binti akapanguza macho, akakaa sawa, sauti ya mama mukwe ikarudi. Juu ku kwao, aibu ya vile haipite bure, mukwe anaiosha na mbuzi. "Mwambie, siku jamaa yake itakuja, alete mbuzi mbili. Ya kwanza ni ya kile ng'ombe ilinionyesha. Ya pili ni ya kile amenionyesha yeye mwenyewe."

Binti akamugeuzia mu Kifaransa. Bwana, na ule uso wa unga, akafikiri sana, kama muntu iko mbele ya daktari. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama ni mbuzi ya nyama ama ya maziwa.

Na mama ya binti, mwenye maisha yote alifundishwa mama mukwe haongee na mukwe, akatosha kichwa ku kioo, na Kifaransa yake mwenyewe: "Ya maziwa! Nitafanya nini na ya nyama? Na ikuwe na mimba!"

Bwana akageuka. "Mwezi wa saba, madame? Hazina mimba mwezi huu, zinapata ku automne, baridi ikianza."

"Nani anakudanganya? Ya kwetu zinapata kila wakati!"

Binti akaacha kugeuza maneno, hakuna mwenye alikuwa namungojea. Bakaanza kubishana juu ya mbuzi, uso kwa uso, yeye ndani ya gari, bwana inje na kikwembe yake, vidole juu. Sisi bashangazi tukafungua sahani ya sambaza iliyobakia.